Sauti ya Gita Niliyoipunguza

Ninyi mnaoweka sono, yaani vyombo vya kukuza sauti, siku hizi, spika moja nyuma ya pikipiki na nyimbo zote ndani ya simu, sitaki kuwasema vibaya. Sisi tulihitaji lori la kubebea chikichi, wanaume sita, jenereta na sala. Lakini kazi ni ileile. Mtu anafungua mdomo, au anagusa uzi wa gita, na wewe uliyesimama kwenye mikseri ndiye unayeamua kama aliye mwisho wa uwanja atamsikia au hatamsikia. Hilo neno, kuamua, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jina langu ni Venansi, ila kuanzia Gitaza hadi Nyanza-Lac watu wananiita Vena Sono. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini: harusi, dansi za Jumapili mchana, mikutano ya injili, kuondoa matanga, hata mpira wa shule. Sasa masikio yamechoka, la kushoto zaidi, kwa kuwa ndilo lililokuwa upande wa ngoma. Nimestaafu. Vyombo vyangu viko chumbani, nimevifunika shuka kama wagonjwa.

Ufundi niliupata Tanzania, upande wa Kigoma, wazazi wangu walipokuwa wakimbizi. Mwalimu wangu alikuwa fundi redio, mzee Rashidi, mtu mfupi aliyekuwa akiinusa redio kabla ya kuifungua. Alisema kila kifaa kilichoungua kina harufu yake, na ukishaijua harufu umemaliza nusu ya kazi. Siku ya kwanza aliponichukua harusini, nilisimama karibu na spika, nikasikiliza, nikamwambia, "Mzee, sauti ni nzuri sana."

"Nzuri kwa nani?" akauliza. "Wewe umesimama mdomoni mwa spika. Nenda kule nyuma, kwa wale waliokosa viti. Hao ndio watakaokusema."

Nikaenda. Kule nyuma nilisikia ngoma tu, na mwimbaji alikuwa kama mtu aliyetumbukia ndani ya mtungi. Tangu siku hiyo, kila kazi, kabla wageni hawajaja na baada ya kuja, natembea mpaka nyuma. Ninyi mnakaa mnatazama taa za kijani na nyekundu zinavyorukaruka kwenye mashine. Taa haina masikio. Tembeeni.

Tuliporudi Burundi nikakaa Rumonge, na ziwa likanikumbusha kwa aibu jambo ambalo mzee alikuwa ameniambia nami nikalisahau. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Spika zako zilipe ziwa mgongo, upepo ukubebee sauti. Mimi kwenye harusi yangu ya kwanza pale Gitaza niliona maji yanapendeza, nikazielekeza huko, wageni wakakaa katikati. Wenye suti hawakusikia kiapo hata kimoja. Upepo uliyarudisha maneno yote nyuma ya spika, barabarani. Ikabidi mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyekuwa amekaa kando ya lami na beseni lake, aje kuwasimulia wageni bwana harusi alijibu nini. "Alikubali," akasema, "lakini alikawia kidogo." Bibi harusi alinichukia mwaka mzima kwa lile neno "kidogo".

Na msibebe spika kwenye gari lililotoka kubeba ndagala. Nilifanya hivyo mara moja tu. Kwenye ibada ya Jumapili paka watatu waliingia kanisani, wakakaa mbele ya spika ya kulia kwa heshima, wakasikiliza mahubiri yote mpaka amina. Mchungaji alishukuru akisema hata wanyama wanaisikia sauti. Mimi nikanyamaza.

Sasa nije kwa Mawese Jazz.

Vijana mkiulizwa, mnasema, "Ah, ile orkesta ya wazee." Ilikuwa orkesta yetu. Jina lilitokana na kazi, kwa sababu nusu ya wapigaji walikuwa wakamuaji wa mawese, na gita zao zilikuwa na alama nyekundu za vidole ambazo hazikutoka kwa sabuni yoyote. Mkitaka kusikia watu wazima wakigombana bila kuumizana, njooni Jumamosi asubuhi kwenye baraza ya Godeliva, karibu na soko. Godeliva ni mwalimu mstaafu, alirudi kutoka Tanzania kama mimi, anayajua maneno ya kila wimbo, hata yale ambayo mwimbaji mwenyewe aliyasahau jukwaani. Wa tatu wetu ni Asukulu, Mkongomani, alikuja kutoka Baraka zamani, akauza vitenge sokoni mpaka magoti yakamkataza kusimama. Tunakunywa chai, tunaila orkesta ile vipandevipande.

"Mawese Jazz ya kwanza, ile ya gita tatu, ndiyo ilikuwaka muziki," Asukulu huanza. "Wimbo ilikuwa inakupeleka mpaka mbali, inakurudisha. Kiisha wakaleta sinte. Sinte iko kama sukari mingi mu chai. Unakunywa, unasahau chai."

Sinte ni kile kinanda cha umeme. Godeliva anakitetea kila wiki.

"Baba Asukulu, hiyo ya kwanza yako ilikuwa na wimbo mmoja wa dakika kumi na tano, na maneno mawili. Ni wakati wa sinte ndipo nilipoanza kusikia Fabiani anaimba nini."

"Weye mwalimu, unasikilizaka maneno. Mimi nasikilizaka vidole."

"Na sasa je? Fabiani yuko Bujumbura, anaimba peke yake, muziki unatoka kwenye fleshi. Vidole viko wapi?"

"Sasa? Sasa ni mufiwa anaimba na picha ya marehemu."

Hapo tunacheka wote watatu. Halafu, kila Jumamosi, mazungumzo yanafika mahali palepale: kwa nini orkesta ile ilivunjika? Asukulu atasema sinte ndiyo iliyoiua. Godeliva atasema hapana, iliisha siku Wilondja alipoondoka, na Wilondja aliondoka kwa sababu vidole vilimfia, mwenyewe alisema. Kisha watanigeukia mimi niliyekuwa pale kila Jumapili. Nami nitakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka zamani.

Wilondja alikuwa mpiga solo. Alivuka ziwa kutoka Fizi wakati wa vita, na gita mgongoni, akawa mkamuaji wa mawese siku sita na mwanamuziki siku ya saba. Hakuwa akipiga nyingi. Kabla ya sebene, pale wimbo unapochemka na watu kuinuka, alikuwa ananyamaza pigo moja. Ukumbi mzima unainua mguu na kungoja. Ndipo anaingia. Nimewasikia wapiga gita wengi wenye mbio kumshinda. Sijamsikia mwingine aliyejua kuwangojesha watu namna ile.

Niwaeleze kwanza kitu kimoja cha kazi, au hamtaelewa kosa langu. Kuna spika zinazowatazama watu, na kuna spika ndogo inayolala jukwaani ikimtazama mpigaji mwenyewe, ili ajisikie. Sisi tunaiita retua. Mpigaji asiposikia chochote kwenye retua yake ni kama mtu anayenyoa ndevu bila kioo. Wilondja alikuwa na amplifaya yake ndogo, lakini iliungua, basi gita yake ikawa inaingia moja kwa moja kwenye mikseri yangu. Yaani alisikika kwa kadiri nilivyotaka mimi, na yeye mwenyewe alijisikia kwa kadiri nilivyotaka mimi.

Jumapili moja, kabla watu hawajaingia ukumbini, Fabiani alikuja kwangu. Fabiani ndiye aliyekuwa mwimbaji na mkubwa wa orkesta, Mrundi wa hapahapa mjini, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Vena, amahoro. Ile gita ya Wilondja, uishushe kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Mpaka sinte ikuwe mbele. Na mu retua yake usimuwekee gita sana. Akijisikia anarefusha. Vijana wanataka nyimbo za mufupi sasa."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Wilondja? Nikimuambia atakwenda. Wacha azoee pole pole. Iko kwa ajili yetu sote."

Msimchukie Fabiani. Alikuwa na masikio ya kusikia muziki unaokuja kabla haujafika, na kuhusu nyimbo fupi hakukosea. Ukumbi ulijaa vijana. Wala mimi nisijifiche nyuma yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiniita kila Jumapili, niliogopa kuachwa, hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba sinte ilikuwa imenipumbaza. Ilikuwa na sauti za filimbi, za kengele, za mvua. Nilitaka kuisikia mbele. Mkono uliogusa kile kitufe ulikuwa wangu.

Nikashusha. Jumapili ya kwanza kidogo, ya pili zaidi. Nilimwona Wilondja anainama kuelekea retua kama mtu anayesikiliza mlango. Akaanza kupiga kwa nguvu. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa fundi cherehani sasa alikuwa anakata nyuzi mbili kwa Jumapili moja. Akipiga kwa nguvu anapoteza pigo, akipoteza pigo wenzake wanamtazama. Ile nafasi yake ya kunyamaza, alinyamaza, kisha akaingia, na hakuna aliyejua kama ameingia. Watu waliinua mguu, wakaushusha peke yao.

Dansi ilipokwisha alinijia, shati limeloa.

"Vena, gita yangu iko inasikika?"

"Inasikika vizuri, ndugu yangu."

"Kule nyuma pia?"

"Mpaka nyuma kabisa."

Jumapili nyingine akaniuliza tena. Nikamjibu hivyohivyo. Kudanganya kwa mara ya kwanza kulinipa kazi. Mara zilizofuata hakukuwa na kazi yoyote, ulimi ulishajua njia.

Baada ya miezi michache alikuja mazoezini, akaiweka gita kwenye mfuko wake, akasema mbele ya wote, "Vidole vyangu vimekufa. Nakamata uzi, lakini uzi hainijibu." Hakuna aliyembishia. Fabiani alitazama chini. Mimi nilikuwa nafuta mikro, kile kipaza sauti, kwa kitambaa, nikaifuta mpaka ikang'aa. Wilondja akahamia Kigwena, akapanda michikichi yake, na kwa miaka kumi na minne hakugusa gita. Orkesta ilivuma misimu michache na sinte yake, kisha mpiga besi akaoa Bugarama na kushika jembe, mpiga ngoma akarudi Uvira, Fabiani akaenda Bujumbura. Hapakuwa na ugomvi. Ilikauka tu kama kijito.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, Godeliva alikuja na habari barazani. Kwaya yake ilikuwa imealikwa Kigwena, kanisa lilikuwa limepata bati jipya na watu walitaka kulifurahia. Akafikiri: Kigwena yuko Wilondja, apige na kwaya. Akaenda kumwomba, akakataliwa.

"Anasema vidole vimekufa," Godeliva akatuambia. "Nami nimemwona kwa macho yangu anachambua chikichi kwa vidole hivyohivyo, upesi kuliko mashine."

"Vidole ya chikichi na vidole ya gita haviko vimoja," Asukulu akasema kwa huzuni.

"Venansi," Godeliva akanigeukia, "twende wote. Yule anayaamini masikio yako. Aliniambia mwenyewe: Vena alikuwa ananitia moyo, lakini mimi nilijua. Wewe ukimwambia bado anaweza, atakubali."

Nilisema nitafikiri. Alikuwa amenisifu, mnaelewa? Kwa miaka yote hiyo aliuchukua uongo wangu akaufanya huruma.

Siku ya tatu tukapanda pikipiki mbili, Godeliva mbele, mimi nyuma, tukafuata ziwa kuelekea kusini mpaka michikichi ikawa mingi kuliko nyumba. Tulimkuta Wilondja uani, anakoroga pipa la mawese yanayochemka, kifua wazi, mvi kifuani. Bintiye Neema, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya pale, akatuletea viti na maji. Wilondja alifurahi kuniona. Hilo lilinikata zaidi.

"Karibu, Vena! Mutu ya masikio! Mwalimu alikuleta unishawishi, eh?"

Godeliva akanitazama nianze. Nikaanza, lakini si kwa maneno aliyotarajia.

"Wilondja, vidole vyako havikufa. Ni mimi niliyekushusha."

Hakuelewa. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi: Fabiani, sinte, retua, na kwamba nilitembea mpaka nyuma ya ukumbi Jumapili zile, kama kawaida yangu, na kule nyuma gita yake ilikuwa haisikiki kabisa, nami nilijua.

Aliendelea kukoroga. Mafuta yalikuwa yanapanda rangi yake ile nyekundu.

"Nilikuuliza mara ngapi?" akasema.

"Mara tatu."

"Mara ine. Ya ine ulikuwa unakunja nyaya. Haukuniangalia. Nikajisemea, Vena ananionea huruma, hataki nione mu macho yake." Akauachia mti wa kukorogea. "Juu ya nini, Vena?"

"Niliogopa kuachwa. Na sinte ilinipendeza. Sina sababu nyingine."

Neema alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi. Baba yake akamwona.

"Mama," akamwambia, jinsi baba wa kwetu anavyomwita bintiye kwa upendo, "unakumbuka uliniomba nikufundishe gita?"

"Nakumbuka, papa. Ulisema gita si kazi ya mutoto mwanamuke."

"Nilidanganya. Nilisikia haya unione na vidole ya kufa."

Neema aliiweka sahani juu ya kiti kilichokuwa tupu, akaingia ndani, na tukasikia mlango wa chumba ukifungwa taratibu. Nimesikia spika zikipasuka, nimesikia jenereta ikilipuka. Sijasikia sauti nzito kama ya mlango ule uliofungwa taratibu.

"Vena, rudia kwako," Wilondja akasema. "Sikufukuzi. Ukibaki hapa nitasema neno ambayo sitaweza kuirudisha."

Tulirudi. Tukashukia kwa Godeliva. Akavua kitambaa cha kichwani, akakung'uta vumbi, akasema, "Mimi miaka yote nimebishana na Asukulu kuhusu jambo ambalo wewe ulikuwa na jibu lake mdomoni." Kisha, kwa kuwa ni Godeliva, akaniwekea chai.

Vijana, nisimamishe hapa kidogo. Mpigaji akikuuliza kama anasikika, hakuulizi habari ya mashine. Anakuuliza kama yupo. Mjibu ukweli. Kama umeambiwa umshushe, mwambie umeambiwa umshushe, agombane na aliyesema. Atapiga kelele, ataondoka labda, lakini ataondoka na mikono yake mizima.

Asukulu alipoambiwa, alichukua kikombe chake, akageuza kiti kikatazama barabara, na kwa Jumamosi tatu hakusema nami neno. Alipitia kwa Godeliva.

"Mwalimu, muambie ule mutu ya sono apitishe sukari."

"Venansi, pitisha sukari."

"Mwalimu, muambie murakoze."

Jumamosi ya pili aliongeza, bado akitazama barabara, "Mwalimu, muulize kama ile siku ya Pasaka pia alikuwa ameishusha." Nikasema ndiyo, hata Pasaka. Akatikisa kichwa. "Niliinua muguu ile siku," akasema kwa sauti ndogo. "Niliinua muguu, muziki haikukuja. Nikafikiri ni mimi nimezeeka." Yeye pia, kumbe.

Jumamosi ya nne simu yangu ililia. Alikuwa Neema.

"Papa anauliza kama unaweza kuleta sono kanisani Jumapili ya bati. Anasema ulete na retua."

"Nitaleta."

"Na anasema ufike mapema. Anataka agombane na wewe kabla ya watu kukuja."

Nikasema nitafika mapema sana. Nikavifunua vyombo vyangu, nikavipuliza vumbi, nikabadilisha nyaya mbili zilizoliwa na panya. Asukulu akaja na magoti yake mabovu kusimamia upakiaji, akitoa amri zote kupitia kwa Godeliva.

Ugomvi wenyewe Wilondja aliufanya nyuma ya kanisa, mimi na yeye tu, na maneno yake mengi nitayaweka kwangu. Aliniita majina ya kwao ambayo sikuyaelewa na mengine niliyoyaelewa. Aliniuliza miaka kumi na minne inawekwa kwenye retua gani. Alipomaliza alipangusa uso kwa kiganja, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema bado. Akanipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa anachemsha chai ya kwaya, akaniombea kikombe, akasimama pale mpaka nikamaliza.

Sitawaambia kwamba vidole viliamka kama Lazaro. Vilikuwa vimekakamaa kweli, kwa miaka na kwa mti wa kukorogea mawese. Wimbo wa kwanza alikosea mara nyingi. Sehemu moja alipotea kabisa, kwaya ikamngojea, akacheka, akaipata. Nilikuwa nimemwekea gita yake kwenye retua mpaka spika ile ndogo ilikuwa inatetemeka, na mbele kwa watu nilimpandisha juu ya kila kitu, juu ya ngoma, juu ya sauti za kina mama. Nikatembea mpaka nyuma, kwa wale waliosimama mlangoni, na kule nyuma ilikuwa inasikika kila noti, za sawa na za makosa.

Wimbo wa pili Neema aliingia naye. Kumbe wiki zile za ukimya walikuwa wanakaa uani kila jioni, baba anamshikisha vidole mahali pake. Alikuwa anajua makamato matatu tu, yaani namna tatu za kubana nyuzi kwa pamoja, na alikuwa akiyapiga kwa woga, amekodolea macho mkono wake wa kushoto. Gita ya kuazima, sauti nyembamba. Ya baba yake ilikuwa inamfunika kama mvua inavyofunika maongezi.

Katikati ya wimbo Wilondja aliacha kupiga. Kwaya ikayumba, ikashika. Akaisogelea mikro ya mwimbaji, na mbele ya mchungaji, na mbele ya Godeliva aliyesimama safu ya kwanza ya sauti ya pili, na mbele ya Asukulu aliyekaa benchi la mbele na miguu yake yote miwili chini, akasema:

"Vena! Punguza yangu, ongeza ya mutoto."

Kanisa zima likaangua kicheko. Neema akainamisha uso.

Nikaweka mkono kwenye mikseri. Nikaongeza ya Neema, pole pole, mpaka makamato yale matatu yakajaa chini ya bati jipya na wanawake wakaanza kupiga makofi kwa kuyafuata. Ya baba yake sikuigusa.

Alipoanza tena kupiga alilitambua hilo kwa uzi wa kwanza. Akanitafuta juu ya vichwa vya watu, akanionyesha ngumi, na kwa mkono uleule akaurudia wimbo.